Geti la Shule na Sahihi Yangu

Jumatatu, 3 Juni
Bila mimi mtaa huu hauna kichwa. Hata ugomvi wa mke na mume huletwa kwanza kwenye banda langu la kutengeneza baiskeli. Ndiyo maana dada yangu, aliposafiri, alinikabidhi bintiye. Leo siku ya tatu binti hajaenda shule. Kifua kinambana akiuwaza mtihani. Nikamwambia mimi kwa umri wake nilifukuza chui kwa rula. Hakucheka. Shule imeleta fomu: siku hizi mwanafunzi anaruhusiwa kupumzisha akili. Ila mlezi afike mwenyewe, atie sahihi mbele ya mshauri wa shule, mwisho Ijumaa. La sivyo ni utoro, na mtoro hafanyi mtihani. Kazi ndogo!

Jumanne, 4 Juni
Nimetia sahihi hapahapa nyumbani, yenye mikia miwili. Nikampa mwanafunzi jirani aipeleke. Imerudi. Mshauri anamtaka mlezi, si mikia yake. Jeuri ya wasomi!

Jumatano, 5 Juni
Nimejifunga bendeji mguuni. Nikamwomba kinyozi, adui yangu, aende ajifanye mimi. Alicheka mpaka mashine ikamnyoa mteja njia kichwani. Eti naogopa nini, niliiba chaki za watu? Nikamwambia nina baiskeli tisa za kutengeneza. Ninayo moja. Yangu.
Jioni nimechechemea mguu usio na bendeji. Binti ameona. Hajala.

Alhamisi, 6 Juni
Nimefika karibu na geti. Kengele ikalia. Miguu ikageuka yenyewe! Nikamwambia binti mshauri hakuwepo. Akasema mshauri amepiga simu, alinisubiri mchana kutwa. Kisha akaanza kupanga vitabu vyake kwenye boksi. Akasema basi Mjomba, acha tu.
Usingizi hakuna.

Ijumaa, 7 Juni
Tumekwenda wawili. Getini jasho, kifua kimebana. Hivi hivi ndivyo nilivyokimbia darasa la nne. Binti akanishika mkono, akaniambia nivute pumzi polepole nikihesabu mpaka nne, kama alivyofundishwa. Nikaishia tatu. Mshauri akatuona, akatoka na fomu mpya. Nikatia sahihi juu ya kiti cha mlinzi. Siku alizokosa zimeruhusiwa. Mtihani atafanya!
Nimeshamsimulia kinyozi kwamba shule nzima ilitoka nje kunipokea. Kesho naongeza tarumbeta.
Ila hapa niseme kweli: ule mkono wa mtoto sikuuachia mpaka tulipofika nyumbani.