Nafasi ya Kata Ikiachwa Wazi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Shajara yangu mheshimiwa, pokea salamu za heshima kutoka Kagondo. Uniwie radhi kwa kukunyamazia wiki tatu. Migomba ilihitaji kupaliliwa.

Jambo lenyewe: hifadhidata ya chama chetu cha kahawa ina taratibu zilizohifadhiwa. Unajaza kata na aina ya kahawa, utaratibu unajiundia swali ambalo kompyuta hulitumia kutafuta wanachama. Maelezo yake? Neno moja: “Hutafuta.” Aibu! Meneja wetu, Bi. Evelyne, anataka maelezo kamili. Atakayeandika vizuri atabaki na meza ya dirishani. Mwingine atashukuriwa na kwenda nyumbani. Tangu marehemu mke wangu Klaudia aniache, nyumbani hakuna anayeniuliza hata kama nimekula.

Mshindani wangu ni Bwana Zahoro, karani mstaafu wa bandari ya Kemondo. Mtu wa sentensi mbili!

Jumanne, 4 Machi

Kurasa tisa! Nimeonyesha swali lilivyo likikamilika, na kila kipande kimetoka wapi. Nimeacha jambo moja tu, kwa makusudi: nafasi ya kata ikiachwa wazi, swali halichuji chochote, huleta wanachama wa kata zote. Wakikwama, watakuja kuniuliza. Mungu anisamehe. Nimezunguka uani mara kumi, moyo hautulii.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Bwana Zahoro aliagizwa kuwaita wanachama wa kata ya Kagondo waje kuchukua miche. Akafuata kurasa zangu. Akaiacha kata wazi, akidhani ofisi ikiwa Kagondo, mashine itaelewa. Ujumbe ukaenda kwa wote! Miche mia mbili, watu elfu moja na zaidi. Wa kisiwa cha Bumbire wamevuka ziwa. Mama mmoja wa huko aliniuliza kwa adabu kubwa kama kila mche tutawakatia vipande. Niliomba radhi mpaka sauti ikakauka. Bwana Zahoro akanipigia kelele mbele ya umati: “Mzee Byabato! Kurasa tisa, na mbili ni salamu tupu!”

Si kweli. Ni moja na nusu.

Ijumaa, 7 Machi

Bi. Evelyne aliniita. Nilikiri nusu: nilisema nimesahau. Akasema, mzee wangu, maelezo mazuri ni yale yasiyomfanya mtu aje kuuliza. Niandike upya. Jumatatu yaende tawi la Muleba. Wakipiga simu hata mara moja kuuliza, meza ni ya Bwana Zahoro.

Nilimshukuru sana. Bado kijana, hajui kwamba asiyeulizwa husahauliwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemaliza. Mara hii sikuacha kitu, dhamiri yangu ni safi. Onyo la nafasi ya kata limo, ukurasa wa kwanza kabisa, kwa wino mwekundu. Nimeliandika kwa Kilatini, kama mapadre walivyotufundisha.

Mbebaji ni Bi. Dativa, anayesafiri kwenda Muleba Jumatatu asubuhi. Nimemkabidhi bahasha kwa mikono miwili. Namba yangu ya simu nimeiandika juu yake, mara tatu.