Mwanya Niliouziba

Jumapili, 1 Juni

Kaka amekuja kwa Dada na meno mawili mapya. Miezi minane alisubiri! Walimtoboa mfupa wa taya, wakamfunga skrubu, wakaacha kidonda kipone, ndipo wakampachika meno juu yake. Yote haya ametusimulia tukiwa tunakula. Kisha akacheka. Akacheka hata jirani aliposema paa lake linavuja. Mwalimu mkuu mstaafu, anachekelea paa la mwenzake ili tumwone meno!

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Mama, ambaye huu ni mwaka wa tatu ugonjwa wa kusahau unammaliza kidogo kidogo, alimtazama Kaka na skrubu zake zote, akamwuliza kama yeye ndiye fundi wa redio. Kaka akasema ndiyo. Akakaa na redio mapajani saa nzima, anazungusha kitufe. Mwanaume hana msimamo kabisa.

Ikaja zamu yangu. Nilichuchumaa mbele ya kiti cha Mama, nikatabasamu. Mama akanigusa mdomo kwa kidole, akasema huyu namjua, huyu ni wangu. Nyumba nzima, mimi peke yangu! Hata Dada anayemwogesha na kumlisha huitwa nesi.

Sababu naijua, ingawa naona haya kuiandika. Katika watoto wake watatu mimi ndiye niliyejaliwa sura.

Hata hivyo wageni wote walisifia meno ya Kaka. Yangu hakuna aliyeyataja. Na Jumapili ya tarehe 22 mpiga picha anakuja tupigwe pamoja na Mama, maana Dada anasema kesho haina mwenyewe. Picha itakaa ukutani milele, Kaka aking'aa, nami pembeni na mwanya wangu. Niliurithi kwa Baba. Watu husema mwanya ni urembo. Wa kwao, labda. Wangu unapitisha punje ya hindi. Nimejaribu.

Nimeamua.

Jumanne, 3 Juni

Mtu mwenye mwanya hafai kufanya kazi kwenye duka la vioo. Leo nimehesabu vioo thelathini na sita ukutani, na mianya thelathini na sita.

Ila akili ni mali. Kliniki ya meno iliyo ghorofani, juu ya duka letu, imeagiza vioo vya ukutani. Nikajitolea kwenda kupima. Kabla sijakunja futi, tumeshapatana na daktari: nitawafungia vioo vyote jioni kwa mikono yangu, nao watanitengeneza meno.

Skrubu sikutaka. Miezi minane naitoa wapi? Daktari akasema kwa meno mazima kama yangu iko njia nyingine: maganda membamba ya kauri, yanagandishwa juu ya jino lako mwenyewe. Mimi nimeyaita vigae. Wiki mbili tu!

Daktari ni binti mdogo, maneno yake machache. Akasema mwanya wangu hauna ugonjwa wowote. Akasema jino likishasagwa halioti tena, hapo hakuna kurudi nyuma. Akanituma nyumbani nikafikirie wiki moja. Nilifikiria kwenye ngazi mpaka nikafika chini. Nikapanda tena.

Ijumaa, 6 Juni

Ganzi. Mdomo si wangu.

Meno manne ya mbele yamesagwa. Nilionyeshwa kwenye kioo nilichokikata mwenyewe, na nilichokiona ni njiti nne za kiberiti. Moyo ulinipasuka kidogo. Nikajikaza. Daktari amenibandika ya plastiki kwa muda, na mwanya haupo tena. Miaka arobaini na tisa tumeishi pamoja, umeondoka kwa dakika arobaini.

Nikarudi dukani. Chai ilinitoka pembeni ya mdomo ikatua kwenye kioo cha mteja. Tajiri, mwenye duka, akaniuliza kama nimepata kiharusi. Nikamjibu kwamba anamwona mtu mpya. Hakuelewa neno hata moja.

Mkakati: nisikanyage kwa Dada mpaka siku ya picha. Niwatokee ghafla, waduwae wote. Kaka atajuta kuzaliwa na mdomo.

Alhamisi, 12 Juni

Dada amepiga simu. Mama anashinda dirishani. Anauliza yule wangu yuko wapi. Nikamwambia Dada amwambie nimesafiri. Akauliza nimesafiri wapi. Mpango wangu ulikuwa haujafika huko. Nikasema kikazi.

 Kisha akasema, mdogo wangu, Mama hana siku za kuchezea. Nikamjibu mvumilivu hula mbivu.

Nilipokata simu nilijisikia vibaya sana. Kutoka kwangu kwenda kwa Dada ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Nikajitazama kwenye kioo, nikapata nafuu.

Jumanne, 17 Juni

Vigae vimefika! Daktari alinishauri nichukue rangi inayofanana na meno yangu mengine. Nikachagua nyeupe kuliko zote alizonazo. Akashusha pumzi, akaanza kazi.

Tajiri ameniomba nifunge mdomo ninapopita mbele ya vioo vikubwa. Wivu huanza hivyo hivyo.

Jumapili, 22 Juni

Sijui niandike nini. Naandika hivi hivi.

Nilivaa shati jipya. Niliingia kwa Dada nimefunga mdomo, nikangoja Mama anigeukie, ndipo nikavifunua vigae vyote kwa mpigo mmoja. Mama akarudi nyuma kwenye kiti. Akamwuliza Dada huyu mtu anauza nini.

Nikatabasamu zaidi. Nilidhani mwanga hautoshi. Nikasogea dirishani nikatabasamu huko. Mama akamshika Dada mkono, akaanza kulia.

“Nesi, mwambie hatununui,” akasema. “Mwambie aende zake. Mimi namsubiri mwanangu.”

Namsubiri mwanangu. Na mimi nimesimama mbele yake.

Picha imepigwa. Mimi niko nyuma ya Kaka, mdomo nimeufunga. Baadaye Kaka alinitoa nje, na hakucheka hata mara moja. Akasema Mama alikuwa hanitambui kwa jina wala kwa sura, ni ule mwanya wa Baba tu ndio uliokuwa umebaki kichwani mwake. Yeye alijua, Dada alijua, wakadhani na mimi najua. Nikamwambia ana wivu, tangu utotoni ana wivu. Akanishika bega. Afadhali angenipiga kofi.

Nililia njia nzima nimeziba mdomo kwa leso. Watu wakanipa pole ya jino.

Jumatatu, 23 Juni

Nilikuwa mlangoni kwa daktari kabla hajafungua. Nikamwomba anirudishie mwanya wangu. Akasema kauri ikitobolewa itapasuka, na chini ya kauri hakuna jino la maana tena, alishanieleza. Alinitazama kwa huruma, jambo ambalo sikulipenda.

Nimekata vioo miaka ishirini na miwili. Kauri ndiyo initoe jasho? Wakati wa chakula nikachukua msasa wetu wa kulainisha kingo za kioo. Nikasugua mara moja. Niliona nyota mchana kweupe! Tajiri alinikuta nimekaa sakafuni nimekumbatia meza.

Lakini kila lenye shari lina kheri yake. Nikiwa pale chini nikaiona imeviringika chini ya meza: kalamu nyeusi tunayowekea alama kabla ya kukata. Inashika kwenye kioo. Inafutika kwa kitambaa. Na kauri si ndugu yake kioo?

Haya sasa!

Alhamisi, 26 Juni

Nilichora mstari mnene katikati ya meno mawili ya mbele, nje ya mlango wa Dada, kwa kioo cha mfukoni. Jirani mwenye paa bovu alinipita, akaongeza mwendo.

Mama alinitazama muda mrefu. Uso ukamchangamka.

“Baba watoto,” akasema. “Umerudi.”

Baba watoto! Si mimi. Ni Baba, tuliyemzika miaka kumi na mitano iliyopita. Ningefanya nini? Nikakaa.

Kwanza alinigombeza. Niliondoka bila kuaga, na viatu vyangu vya matope bado viko mlangoni. Nikaomba radhi. Kisha akanipa habari za watoto. Yule mkubwa ana akili, ila anapenda asikilizwe yeye tu. Yule wa kike amechoka, nimtafutie mtu wa kumsaidia. Dada alikuwa anakunja shuka. Akatoka chumbani nayo ikiburura.

Halafu akafika kwangu. Akasema yule kitindamimba ana mbwembwe nyingi, kila siku ana jipya lake, lakini hana ubaya na mtu, nisimchape. Akashusha sauti. Akasema siku hizi haji. Akaniuliza kama najua amemkosea nini mwanawe.

Nilitaka kumwambia hujamkosea kitu, Mama, ni mimi huyu hapa, mjinga wako. Lakini nilikuwa Baba. Nikasema nitamwuliza. Akanishukuru, akanipapasa mkono.

Sijawahi kuumia hivi tangu nizaliwe. Nilinywa chai haraka ili nisilie mbele yake, na wino ukayeyuka ukanishukia kidevuni. Mama akamwita Dada amwulize huyu mtu mchafu ameingiaje.

Funzo la leo: nisinywe chai.

Jumamosi, 28 Juni

Dada amepiga simu asubuhi. Mama hali kitu tangu jana. Daktari wa hospitali amekuja akawaambia wazi kwamba siku zilizobaki ni za kuhesabu. Nilikimbia. Kwa miguu yangu hii, dakika kumi na moja.

Kufika, moja kwa moja bafuni na kalamu yangu. Meno lazima yakaushwe kwanza, kisha uchore. Bomba la Dada likanigomea. Unafungua, kimya. Unainama kuchungulia, linakutemea maji usoni na mchoro wote unakwenda. Mara mbili! Nikaliambia ukweli wake. Nikalitukana na ukoo wake wote wa mabomba, nikaliuliza lilisomea wapi kutoa maji. Dada akagonga mlango, akasema toka upesi, Mama amefungua macho. Nikamwambia asubiri, kazi nzuri haitaki haraka.

Nilitoka na mwanya safi kabisa. Mama alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza wiki nzima, Dada anasema. Hakuwa amenitazama mimi. Ametega sikio.

“Baba watoto, umesikia?” akaniambia. “Mtoto wako amekuja. Yule wa mwisho. Yuko bafuni anagombana na bomba.”

 Kaka akainamisha kichwa.

“Ni yeye,” Mama akasema. “Sauti yake siwezi kuikosea. Nenda kamwite aje nimwone.”

Nikaenda kumwita. Ningefanya nini kingine? Nilisimama bafuni, nikafuta wino, nikaosha uso, nikarudi chumbani na meno yangu meupe, nikasema Mama, nimekuja. Aliniangalia mdomo. Akageukia ukutani, akamwambia Dada kwamba yule muuzaji amerudi tena.

Dada alinifuata ukumbini analia. Akanisihi nirudi bafuni, niache mlango wazi, niongee. Nigombane na bomba, na ndoo, na chochote, ili mradi Mama anisikie. Nikamwambia mimi ni mtu mzima, siwezi kumuaga mama yangu mzazi nikiwa chooni. Nimeondoka. Nimelia, siwezi kukataa.

Jumapili, 29 Juni

Nimewaza toka jana, na jibu limepatikana! Kosa halikuwa kwenye mpango. Kosa lilikuwa kwenye kalamu. Kalamu ni kalamu tu. Hapa panatakiwa vigae vipya, vyenye mwanya wa kudumu. Tena si wa Baba. Mwembamba zaidi, ili Mama asituchanganye. Nimeshauchora kwenye karatasi kwa vipimo kamili. Nitambulike mimi, ana kwa ana, kwa heshima.

Nimempigia daktari wa meno, ingawa ni Jumapili.  Mwishowe amekubali kuniona kesho saa tatu. Vitakuwa tayari baada ya wiki mbili. Nimemsisitiza weupe uwe ule ule.

Dada amepiga simu mara tatu leo. Mama hasemi mengi tena. Amelala ameelekeza sikio upande wa bafuni, na kila mara anauliza mbona kimya. Kaka alijaribu kuingia mle akasema maneno mawili matatu. Mama akatikisa kichwa. Dada anasema niache kila kitu nije sasa hivi, hata nisitoke bafuni, niseme lolote.

Dada ni mtu mwema, lakini mambo ya mipango hayaelewi. Nimemwambia awe na subira, na amwambie Mama anisubiri. Wiki mbili tu.