Spika Iliyonifanya Mganga Mbele ya Wakwe

Jamani, leo nimejimaliza.

Wazazi wa mchumba wangu Njeri walikuwa waje kutoka Mau Narok kuniona kwa mara ya kwanza, kabla mambo ya mahari hayajaanza. Njeri akatoka kwenda kutafuta kuku hapa Lanet. Mimi nikaachiwa kazi moja tu: kutayarisha sebule.

Nikaanza na spika yangu mpya. (Vumbi lingesubiri.) Hizi spika za siku hizi hazina waya na zina maringo. Kabla ikuimbie, inataka kwanza kuijua nyumba yako. App kwenye simu ikaniambia ninyamaze kabisa, nitembee polepole chumba kizima, nikipandisha simu juu na kuishusha chini, ndiyo spika ipime vile sauti inagonga kuta.

Nikavuta mapazia. Nikabaki na kaptura peke yake, maana joto la leo mnalijua. Spika ikaanza kulia. Wuuui! Wuuui! Kama bundi amefiwa. Jogoo wa jirani akawika, app ikakataa. Nikarudia. Lori likapita, ikakataa tena. Nikaapa, sasa hakuna kitu kitaniharibia.

"Hodi!"

Nikanyamaza.

"Hodi hapa!"

Nikanyamaza zaidi. Mlango ukafunguka. Alikuwa baba yake Njeri, kofia mkononi, na nyuma yake mama amebeba mfuko wa viazi.

"Kijana, habari ya..."

Na mimi, bila kufikiria, nikaweka kidole mdomoni. "Shhh!"

Yaani nilimnyamazisha baba mkwe! Halafu nikaendelea kuzunguka! Nikafika kwake, nikapandisha simu mbele ya uso wake, nikaishusha mpaka magotini. (Chumba ni kidogo, ningepitia wapi?)

Wuuui! ikasema spika.

Viazi vikaanguka. "Baba Njeri, huyu anaturoga!"

"Hapana, mama! Ni spika! Inasikiliza ukuta!"

Mzee akashusha sauti. "Na ukuta unasemaje?"

Kabla nijibu, mama alikuwa ameshatoa chupa ya maji kwa mkoba. "Toka! Toka kwa jina la Bwana!" Akaimwagia spika yote. Na kweli ikatoka. Ikakoroma, taa ikazima, mpaka sasa haijarudi.

Njeri akaingia na kuku, akanipata nimepiga magoti bila shati, mkono wa mamake kichwani mwangu, viazi kila mahali.

"Mum, mnafanya nini?"

"Tunakuokoa, mwanangu."

Njeri alieleza mpaka sauti ikakauka. Mzee akanywa chai bila kuniondolea macho. Wakati wa kuondoka akanipa mkono, lakini vidole viwili tu.

"Mambo ya mahari yangoje kidogo," akasema. "Kwanza uje na barua ya pasta wako."

Msinicheke. Kama kuna mtu anajua pasta anayeelewa mambo ya spika, tafadhali aniandikie inbox.