Shimo la Majani na Darsa ya Subira

Jumatatu, 2 Machi
Alhamdulillahi, kazi imekamilika. Nimekata majani kabla hayajatoa maua, kwani jani likizeeka ng'ombe hushiba pasipo kunufaika. Nimeyakatakata, nikayanyunyizia molasi, nikayashindilia shimoni kwa miguu yangu mwenyewe. Miaka sabini na miwili! Juu yake turubai na udongo. Bwana Mifugo ameagiza lisifunuliwe siku ishirini na moja. Hewa ikiingia, lishe huharibika. Kisha atakuja na wafugaji wote. Sileji hii, yaani majani ya kuchachushwa, ikifaulu, zizi langu litakuwa la mfano. Isipofaulu, heshima hiyo ataipata shemeji yangu, mtu wa nyasi kavu. Sina hofu. Subira nimeisomesha miaka arobaini.

Alhamisi, 5 Machi
Shemeji kapita. Akauliza huyo marehemu atafukuliwa lini. Kejeli! Nikaona si uungwana kumwacha mtu katika ujinga wake. Nikainua pembe ya turubai, upana wa kiganja tu. Harufu tamu yenye uchachu! Akaondoka na kejeli yake. Ushindi ulioje.

Jumanne, 10 Machi
Baada ya darsa ya subira, waumini sita waliomba kuona. Elimu hainyimwi mtu. Nikafunua nusu. Mmoja akauliza, "Sheikh, mbona panafuka moshi?" Nikamfahamisha kwamba hilo ni joto la baraka. Mke wangu akapitisha neno kwamba chungu kinachofunuliwa kila mara hakiivi. Nikamkumbusha kuwa jiko ni jiko na shimo ni shimo.

Jumapili, 15 Machi
Mkwe wangu amefika kutoka safari ya mbali. Mkwe ni mkwe, nikafunua lote. Alisifu sana upana. Juu pameingia weupe. Bila shaka ni sukari ya molasi inayopanda.

Jumatatu, 23 Machi
Wafugaji arobaini uani. Nikaomba dua ndefu, nikafunua. Ukungu! Mweupe, wa kijani, mweusi. Bwana Mifugo akachimbua hadi kiwiko, akauliza kwa upole lilifunuliwa mara ngapi. Nikajibu, mara chache. Mke wangu akasema kutoka mlangoni: mara kumi na moja. Bwana Mifugo akakataza ng'ombe asilishwe. Hakukuwa na haja. Ng'ombe wangu alikwisha kunusa, akapiga chafya, akaenda zake kwa shemeji, aliyekuja na kicha cha nyasi kavu kwapani. Kakila chote mbele ya watu! Zizi la mfano ni la shemeji. Akanipa mkono: "Karibu darsani kwangu Alhamisi, shemeji. Usisahau daftari."

Jumanne, 24 Machi
Nimetafakari tangu alfajiri, na kosa nimelibaini. Shimo halikuwa na mlango. Ndiyo maana wageni walilazimika kusumbua turubai. Nimeanza kuchimba la pili. Seremala ameagizwa mlango mpana wenye bawaba tatu, kitasa kizuri, na benchi la kutosha watazamaji wanane. Watafungua kwa zamu, kila siku, kwa adabu.