Glasi Niliyoikataa Kamina

Ndugu zangu wa Likasi, aibu iliyonipata leo haina pa kuifichia. Nawaandikia mkono ukitetemeka. (Si pombe! Safari hii ni aibu.)

Mnajua nilitoka Ilebo kwa treni. Kichwa cha treni kilikufa kabla ya Kananga, tukalala porini. Kikafufuka, kikafa tena Mwene-Ditu. Kila kituo akina mama walileta lutuku, ile pombe kali, dirishani, na lutuku naijua kwa harufu kabla chupa haijafunguliwa. Nikaikalia mikono yangu. Kweli, niliikalia! Jirani yangu akadhani nina jipu.

Niliwahi kusikia kwamba Kamina kuna walioacha pombe. Wanakutana kila Jumamosi, mtu anasimama, anasema alivyo, wenzake wanamshika mkono. Na mnajua maneno ya mke wangu: mlango haufunguki mpaka niache. Basi nikaapa kushuka Kamina na kutoondoka kabla sijawapata.

Leo Jumamosi nikavaa suti yangu ya abakosti, nikafunga vifungo hadi shingoni, nikaenda misheni. Sista mmoja akanielekeza kwa heshima, kama baba yake.

"Pita nyuma ya kanisa, tata. Utaona parsele yenye banda la nyasi. Bantu banaikala ku biti, kimya, hakuna mwenye kucheka. Njo pale."

Nikapita nyuma ya kanisa. Kiwanja chenye banda, viti, watu waliovaa vizuri, kimya, hakuna mwenye kucheka. (Ningeuliza nini tena?)

Baba mmoja mnene akainuka.

"Weye njo ule tunangoya?"

"Njo minyi!" Ndiye mimi hasa! Nilifurahi. Nikajua sista ametuma habari.

"Unatoka mbali?"

"Mbali sana, tata."

"Sikia namna anasema," mama mmoja akamnong'oneza mwenzake. "Haiko muntu wa hapa." Wakaridhika wote. Nikapewa kiti cha mbele, peke yangu.

"Basi sema kile kilikuleta."

Nikasimama. Maneno nilikuwa nimeyakariri tangu Kananga.

"Minyi niko mulevi. Nilikunywa mushahara, nikakunywa kinga, nikakunywa mpaka sufuria za muke wangu. Lakini nataka kuacha. Munisaidie."

(Kinga ni baiskeli. Ilikuwa nzuri.)

Wote wakainama mbele. Mama mmoja akashika mdomo, akamwita Mungu: "Ee Leza!" Nikasema moyoni, watu hawa wanajua kusikiliza.

"Huyu hafichi kitu," yule baba akasema polepole. "Bengine banafichaka."

Kisha akaja shangazi mmoja na chupa ya bia na glasi. Akapiga goti mbele yangu, akamimina. Povu likapanda.

"Kunywa, tata. Kisha tutasema."

Nikafikiri, hawa ni wakali! Wanampima mtu siku ya kwanza! Bia ilikuwa baridi, jamani, ilitoa jasho. Nikaisukuma glasi.

"Nakatala."

"Unakatala?"

"Nakatala kabisa! Leo, kesho na siku zote! Hata mupige magoti bote!"

Nikangoja makofi.

Yakaja makelele. Ndani ya nyumba msichana akaangua kilio. Shangazi akakaa chini, mikono kichwani. "Banamukatala mutoto! Bao benyewe balimuomba, sasa banamukatala mbele ya bantu!"

"Mutoto gani?" nikauliza.

Wakati huohuo akaingia mwanamume mwenye abakosti safi kuliko yangu, akabisha hodi kwa niaba ya sajini mmoja wa Base, ile kambi ya jeshi, mtu wa Equateur kule mbali. Huyo ndiye aliyengojwa! Yalikuwa mazungumzo ya posa. Msemaji wa ukoo wa mume hufika peke yake, husema "minyi" badala ya bwana harusi, na glasi ya kwanza ndiyo hufungua maneno. Ukiisukuma, umemkataa binti. Mimi nilimfanya sajini mlevi mwenye mke na sufuria, kisha nikamwachisha mchumba kwa kiapo.

Nikaomba msamaha kwa Kiswahili, Kifaransa na mikono. Yule baba akaninyooshea glasi.

"Basi weye njo ulikatala, weye njo ukunywe. Moja tu. Tumalize."

Moja tu. Naijua hiyo moja, na ndugu zake wote nawajua. Watu wote wananitazama, binti analia, na aibu inaniambia kunywa, mbona ni adabu tu.

"Tata, nipige," nikasema. "Lakini hii sikunywi. Nilikuya Kamina juu ya kuiacha."

Mlango ukafunguliwa. Binti mwenyewe akatoka, macho mekundu, na kikombe cha maji.

"Kunywa hii, tata. Kisha useme kama haukunikatala."

Nikanywa mpaka tone la mwisho. "Sikukukatala, mama! Nani angekukatala?"

Hapo ndipo walipocheka. Shangazi alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Yule baba akanishika mkono mpaka kwenye ukuta wa matete, akanionyesha banda la jirani. "Benyewe beko pale," akasema kwa sauti ya chini. "Mudogo wangu pia eko pale."

Nikaingia. Viti kwenye duara, watu kimya. Nikarekebisha kifungo cha shingo, nikasimama, nikafungua kinywa.

"Ikala, ndugu," mmoja wao akasema, akinipisha kiti na kufuta machozi ya kicheko. "Tulisikia yote."

Basi msinicheke. Kamina nzima imekwisha kuwasaidia kazi hiyo.