Kiraka Kwenye Ufizi Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Tulipokuwa kwenye kahawa, Ulrika, mkuu wa kliniki, katangaza kwamba kozi ya upasuaji wa fizi itapata kiongozi mpya kabla ya kiangazi. Watu wakanigeukia. Wamgeukie nani mwingine? Nimekata na kushona fizi za mji huu wa Göteborg tangu nilipokuwa na nywele. Nikacheka kwa unyenyekevu. Hapo ndipo nilipokosea.

Signe Brattberg, niliyemfundisha mwenyewe kushika kisu, akainamisha kichwa kunichungulia mdomoni. “Mwalimu, pale juu ya jino lako la mbele pamekuwa na kijivu. Ufizi umekwisha, chuma kinaonekana. Ukipenda, njoo nikuwekee kiraka cha nyama.”

Mbele ya watu wote. Huku anatafuna mkate wa mdalasini.

Nikasema ni taa. Si taa. Jino lile nililipoteza kwenye barafu, nikawekewa jingine lililofungwa kwenye taya kwa skrubu ya titani. Ufizi ukiwa mnene, skrubu haionekani. Ukiwa mwembamba, inachungulia kama panya. Mtaalamu wa fizi mwenye ufizi mbovu, huyo ni kinyozi mwenye chawa. Nani atampa kozi?

Kwa Signe siendi. Bora ning'oe meno yote.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: kuzungumza bila kuinua mdomo wa juu. Nilifanya mazoezi bafuni. Nikajiona mtu mzito, mwenye siri.

Kikaoni nikaanza kueleza maoni yangu juu ya kozi. Ulrika akanikatiza, akaniambia niinue mikono yote miwili. Nikainua. Akauliza leo ni siku gani. Nikamjibu. Akaniambia nitabasamu. Nikakataa. Akamwagiza Signe aite gari la wagonjwa, kwa sababu alidhani nimepata kiharusi.

Ikabidi nitabasamu. Chumba kizima kikauona ule ukijivu, na aliyekaa mbali akasogea karibu aone.

Leo ni siku ya maandazi ya krimu, yale ya kuaga kabla ya Kwaresima. Walininyima langu, eti nipumzike kwanza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegundua udhaifu wa Signe. Kwa wagonjwa wengine, hachukui nyama ya kiraka kwenye kaakaa, kama nilivyomfundisha. Anawawekea utando uliotengenezwa kwa ngozi ya nguruwe, ili asiwatie kidonda cha pili. Wagonjwa wanampenda kwa hilo. Wanapenda uvivu.

Leo alikuwa amempangia utando huo mzee mmoja, Torsten, kutoka Falköping. Nikamkuta peke yake kwenye chumba cha kusubiri. Nikakaa karibu, nikashusha sauti, nikamuuliza kama anajua anachokwenda kushonewa mdomoni. Hakujua. Nikamwambia: nguruwe.

Kumbe mzee Torsten amefuga nguruwe maisha yake yote. “Nguruwe?” akasema. “Sasa mbona hawakuniambia? Ningekuja na wangu.” Akacheka hadi akashika mbavu. Akaingia kwa Signe anacheka, akamweleza kila kitu, akataja na mimi: yule daktari mwenye jino la kijivu.

Jioni Signe akasimama mlangoni kwangu. Hakukasirika. Hilo ndilo linaloudhi. Akasema tu kwamba alikuwa amekwisha kumweleza mzee mambo yote wiki iliyopita, ila mzee ni msahaulifu, na kwamba ahadi yake kwangu iko pale pale.

Nilimshukuru kwa ubaridi. Halafu nikampigia Rolf.

Ijumaa, 7 Machi

Rolf Ekvall ana kliniki ndogo Borås. Alikuwa mwanafunzi wangu mtiifu kuliko wote. Hakuwa hodari, lakini alikuwa mtiifu. Kazini niliaga kwamba nina msiba. Ulrika akanipa pole na kunishika bega. Nikajisikia vibaya kidogo, mpaka Falköping hivi, nilipogundua jambo. Nilikuwa nimepanda treni isiyokwenda Borås.

Rolf aliponiona kitini akanawa mikono mara tatu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitamwongoza. Akanipiga ganzi, akauliza akate wapi. Nikamwonyesha kwa kidole: kaakaa, kipande kikubwa. Akasema, “Mwalimu, si kikubwa mno hiki?” Nikamwambia akate. Akauliza kama afunike kiraka chote kwa ufizi ulio juu yake, kipate damu pande zote mbili. Nikamwambia aache sehemu ya nje wazi, tutaona kinavyonenepa. “Mimi ningekifunika,” akasema. Nikamuuliza nani alimfundisha nani. Kwa mdomo uliojaa pamba ilisikika vingine, lakini alielewa. Akatii.

Ganzi iliisha ndani ya treni. Miaka yote nimewaambia wagonjwa kwamba kaakaa litauma kidogo, kama wameungua na chai. Ni uongo. Ni kama umemeza pasi ya moto na imekwama. Nadhani wagonjwa wangu walikuwa waoga kuniambia.

Jumapili, 9 Machi

Kiraka kimebadilika rangi. Kwanza kijivu, halafu cheupe kama jibini. Nilimwambia Barbro, mke wangu, kwamba weupe ni dalili njema.

Barbro aliwahi kuwa muuguzi. Akanikamata kidevu, akanusa. “Evert, hiki kitu kimekufa. Kimekufa mdomoni mwako na wewe umekaa unakula supu.” Akauliza nani kanifanyia. Nikasema ni habari ndefu. Akauliza kwa nini sikwenda kwa Signe. Nikachota supu. Akaniangalia kwa muda, si kwa hasira, kama mtu anayeangalia paa lililovuja tena pale pale.

“Mimi siwezi kuzeeka na mtu anayeoza kwa kiburi,” akasema. Akaenda sebuleni na simu. Nikasikia akisema, “Signe, mama, samahani kukusumbua Jumapili.”

Jumatatu, 10 Machi

Signe akatoa kiraka kilichokufa. Pamebaki pabaya kuliko mwanzo; sasa mizunguko ya skrubu inahesabika. Hawezi kushona upya sasa, tusubiri pale pahali papone. Aliuliza nani alikata. Sikumtaja Rolf. Nisidhaniwe mwema, nilimtunza kwa matumizi ya baadaye.

Ulrika akanikuta kwenye ngazi, akanipa pole tena kwa msiba. Akauliza nani aliyefariki. Nikasema shangazi. Barbro, aliyenisindikiza kuhakikisha nimefika kwa Signe, akasema hatuna shangazi.

Jumatano, 14 Mei

Nimefanyiwa upasuaji upya. Kabla ya kuanza Signe alisema, “Mwalimu, leo nakuomba ufungue mdomo bila kuongea. Najua ni mara ya kwanza.” Msaidizi akakohoa kuficha kicheko.

Kaakaa hakuligusa. Alichukua kipande kidogo nyuma ya gego la mwisho, nyama ngumu, nzuri. Wala hakuupasua ufizi wa mbele. Alitoboa njia nyembamba chini yake, kama handaki, akakivuta kiraka ndani kwa uzi taratibu, kama anayeingiza mto kwenye foronya. Kikatoweka chote. Damu juu, damu chini. Mkono wake hautetemeki hata kidogo.

Alipofunga uzi wa mwisho alisema, “Fundo hili ulinifundisha wewe. Nililia siku ile, ulikuwa mkali mno. Lakini sijawahi kulifunga vingine.”

Macho yakanitoka maji. Ganzi huwa inafanya hivyo.

Ijumaa, 13 Juni

Kozi kapewa Signe. Watu walipiga makofi. Mimi pia, polepole. Mkate wa sherehe, uliojazwa kamba wa bahari, ulikuwa na chumvi nyingi.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimerudi kutoka mkutano wa Malmö. Ufizi umenenepa, rangi ya waridi, ukijivu haupo. Mtu hawezi kujua lipi jino la kuzaliwa. Ni jambo la kujivunia, kwa hiyo nilijivunia. Nilipanda jukwaani na picha za mdomo wangu mwenyewe, zilizoishia chini ya pua ili nisitambulike, nikaeleza njia ya handaki kama nilivyoikuza kwa miaka mingi. Makofi mazuri.

Signe alikuwa katikati ya ukumbi. Akainua mkono, akauliza kwa upole mgonjwa alikuwa mtu wa namna gani. Nikajibu: mvumilivu, mwenye akili, alinifuata kila neno. Watu wa kliniki yetu wakacheka, sijui kwa nini. Signe hakucheka. Akakusanya vitu vyake, akatoka. Nafikiri nilimshinda.

Barbro hajaniambia neno tangu tutoke Malmö. Atazoea.

Jambo dogo tu. Asubuhi, nikipiga mswaki, nimeona jino langu jingine la skrubu, la chini, ufizi umeanza kushuka. Kwa Signe sasa haiwezekani, ataona nimekwenda kuomba. Nimempigia Rolf. Alisita, akasema labda nitafute mtu mwingine. Nikamtuliza. Nimemweleza kwamba kosa la mwanzo lilikuwa langu, na nimelikubali kiume: nilimpa uhuru mno.