Kukificha Kiwanda cha Sabuni

Jumatatu, 4 Machi

Baba mkwe anakuja Jumamosi. Atakaa siku tatu, kisha ataamua ahamie kwetu au kwa mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu. Mwanyumba ana nyumba ya chini, bustani, na mbwa mwenye adabu. Sisi tuna ghorofa ya nne, ya juu kabisa, katika jengo lililokuwa kiwanda cha sabuni.

Mzee hajui habari ya sabuni. Siku ya posa aliniuliza nitamweka wapi binti yake. Nikasema katika jengo jipya, la kisasa. Jipya! Ulimi huu.

Mke wangu anataka baba yake aje kwetu. Hasemi, lakini ameshafua mapazia mara mbili. Kwa hiyo kiwanda kisionekane. Siku tano zinatosha.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza na nje. Kando ya mlango mkuu yameandikwa maneno SABUNI BORA, herufi za kimo cha mtu. Nimepaka rangi tangu asubuhi. Rangi ikaniishia baada ya SABUNI. Sasa jengo linaitwa BORA. Nikarudi nyuma hatua kumi, nikatazama. Si vibaya hata kidogo!

Fundi cherehani wa chini hakupendezwa. Alisema wateja wake huelekezwa kwa neno hilo, na leo wawili wamempita wakiwa na vitambaa mkononi. Anataka neno lake lirudi. Nikamwambia nitalifikiria.

Alhamisi, 7 Machi

Kulabu. Iko katikati ya sebule, imening'inia kwenye boriti, nene kama mkono wangu. Zamani ilivuta makreti kutoka chini. Nimeikata kwa msumeno saa nzima. Msumeno umebaki kibogoyo, kulabu haina hata mkwaruzo. Nimetundika chungu cha maua.

Nikiwa juu ya ngazi mke wangu alitaka kunieleza jambo kuhusu baba yake. Nikamwomba asubiri, asije akaniangusha. Baadaye nikasahau kumuuliza.

Lipo pia suala la harufu. Jua likipiga, matofali hutoa jasho la sabuni. Nimepulizia manukato chupa nzima. Sasa sebule inanukia kama kinyozi mwishoni mwa wiki.

Jioni nilimwendea jirani wa mlango wa pili, mkunga mstaafu, nikamsihi asitaje sabuni mbele ya mzee. Aliuliza kama namtaka aseme uongo. Nikasema hapana, namtaka anyamaze tu. Alisema hajawahi kujaribu kunyamaza maishani, ila kwa ajili yangu ataona.

Jumamosi, 9 Machi

Basi, mambo yamekwisha.

Mzee alisimama nje muda mrefu akitazama BORA. Kisha akapanda ngazi bila kushika ukuta. Mimi nilipumzika mara mbili, nikisingizia sanduku lake. Ghorofa ya tatu alisema, kama anayejisemea, kwamba hapo palikuwa na mlango.

Nikamhimiza tupande haraka!

Aliingia sebuleni. Akakishusha chungu cha maua, akakiweka kitini kwa heshima, akaishika kulabu kwa mikono miwili na kuning'inia. Mtu wa miaka sabini na moja! Miguu ikaelea.

"Bado inabeba," akasema.

Alifanya kazi humu miaka kumi na miwili. Alikuwa akipokea makreti kwenye kulabu hiyo na kuyapanga ili sabuni ikauke, pale pale nilipoweka kochi. Akaenda dirishani. Hapo ndipo alipokuwa siku mwenzake alipompigia kelele kutoka uani kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kike. Alishuka ngazi zote akiwa bado na glavu. Huyo mtoto ndiye mke wangu. Naye, akisikiliza mlangoni, alilia. Mimi nilisema ni rangi imeniingia machoni.

Kumbe mzee alijua kwamba tunaishi katika jengo hili tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Binti yake alimwambia kwa simu. Ndilo jambo alilotaka kunieleza nikiwa kwenye ngazi.

"Sasa mwanangu, lile jengo jipya liko wapi?" mzee akauliza.

Nikamjibu kwamba ni jipya kwa upande wa rangi.

Jumapili, 10 Machi

Mwanyumba alikuja na gari kumchukua mzee akaone bustani. Wakarudi baada ya saa moja. Mzee alisema majani ni mazuri sana, lakini yeye si ng'ombe. Anahamia kwetu! Mwanyumba alinipa mkono baridi kama samaki. Nilijitahidi nisitabasamu, nikashindwa.

Sharti moja tu: SABUNI irudi. Mchana kutwa nimekuwa juu ya ngazi, mzee akishikilia chini na kusahihisha herufi, fundi cherehani na mkunga wakitazama wamekalia viti. Niliandika SABNUI. Mkunga hakunyamaza.

Jumanne, 12 Machi

Mambo matulivu. Mzee amelala chumba cha dirisha lile, amefurahi. Mke wangu anaimba jikoni. Nimejifunza kwamba ukweli hauna shida yoyote.

Leo kazini bosi alikuwa akisifu majengo ya kale. Nikamwambia ninaishi katika moja lenye umri wa miaka mia mbili. Amevutiwa mno. Anakuja Ijumaa na mkewe, na kamera.

Jengo lina miaka hamsini na mitano. Nahitaji kutu nyingi, na haraka. Nimemwomba mzee, bosi akimuuliza, aseme aliliona likijengwa.

Ananitazama tu. Nadhani atakubali.